Aliyeshika Kamera

Vumilia alikuwa ameshaamua kwamba atakwenda, ndiyo maana hakuona sababu ya kuogopa chakula cha mchana. Alikuwa na miaka thelathini na moja na karakana yake mwenyewe ya madirisha Upplands Väsby, karibu na Stockholm, Uswidi, na mkataba wa kutengeneza madirisha mia mbili na kumi na mawili ya Hoteli ya Vitfjäll ulikuwa tayari na saini yake. Jumapili ile ya Aprili alikuwa anakwenda Hässelby, pembezoni mwa jiji, kwa wazazi wake kuwaambia mambo mawili tu. La kwanza, kwamba mwezi wa Mei anahamia kaskazini, milimani, kwa mwaka mmoja na pengine zaidi. La pili, kwamba mwanamume aliyeketi pembeni yake kwenye treni, aliyekumbatia kifurushi cha karatasi ya kahawia kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, ndiye anayempenda.

Mwanamume huyo aliitwa Filip. Tangu walipopanda treni alikuwa anajifunza kusema shikamoo, na kila mara alikuwa anaikata katikati. Vumilia alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akamshika kidole kidogo cha mkono na hakukiachia tena. Alipomuuliza kilichomo kwenye kifurushi, Filip alimwambia angoje, ni zawadi ya kumpa baba yake Vumilia, na akatazama dirishani ili macho yake yasimsaliti.

Walikuwa wamefahamiana kwa sababu ya dirisha. Vuli iliyopita Filip alisafiri saa saba kwa treni kutoka milimani, akiwa na fremu moja ya mbao aliyoizungushia blanketi, akaingia nayo karakanani kwa Vumilia. Mafundi wanne walikuwa wameshamwambia aitupe na kuweka plastiki. Vumilia aliilaza mezani, akakwangua rangi kwa ukucha, akainusa mbao, akamuuliza nani amemdanganya kwamba dirisha hili limekufa. Filip alibaki anaitazama mikono ya Vumilia, mikono yenye makovu ya patasi na harufu ya mafuta ya kitani, na Vumilia aliliona tazamo lile, akalihisi shingoni, akajifanya anatafuta msasa.

Hoteli ilikuwa ya bibi yake Filip, mzaa baba, aliyeitwa Elsa. Alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita, na kati ya wajukuu wote akamwachia Filip, mhandisi wa majengo, jumba ambalo ndugu wengine walitaka libomolewe pajengwe vibanda vya watelezaji wa theluji. Filip aliacha kazi yake Stockholm. Alisema atalifufua, liwake taa tena, na ndugu waliocheka wacheke.

Na lilikuwapo jambo jingine, ambalo wapenzi hawa wawili walilichukua kama baraka. Wiki mbili kabla ya Jumapili ile, Vumilia alikuwa anatafuta cheti chake cha kuzaliwa kwenye droo ya wazazi, akakuta cheti cha zamani cha baba yake, cha mafunzo ya kazi za hoteli. Alijua kwamba baba alikuja Uswidi kijana kutoka Marangu kujifunza kazi kwenye hoteli ya milimani, kwa kuwa naye alitoka mlimani. Hakuwahi kuambiwa ni hoteli gani, na baba hakuwahi kuizungumzia. Kwenye cheti liliandikwa jina la Vitfjäll. Vumilia alimpigia Filip simu palepale, na wote wawili walicheka kwa furaha.

Mama yake Vumilia, Mama Getrude, aliwafungulia mlango akiwa na aproni, akamkumbatia Filip kabla hajamaliza kuvua viatu. Baba, Mzee Ludovick, alisimama sebuleni na shati lake la kanisani. Filip alisema shikamoo, safari hii nzima.

"Marahaba," alijibu mzee, akampa mkono, akamwonyesha kiti.

Mama alikuwa amepika ndizi na nyama, na walikula vizuri. Mazungumzo yalikuwa ya Kiswidi kwa ajili ya mgeni. Mama alimuuliza Filip habari za kwao, na Vumilia akaingiza habari ya safari ya Mei polepole, akisema kwanza juu ya kazi, kisha juu ya muda, na mwisho jina la hoteli. Baba yake aliweka uma chini. Akachukua maji, akanywa.

Filip alidhani ukimya ule ni wa hamu ya kusikia. Akaanza kusimulia. Alieleza jinsi hoteli ilivyojengwa na tajiri wa mbao mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, reli ilipofika milimani. Jinsi wagonjwa wa kifua na matajiri wa Stockholm walivyokuwa wakipanda kwa ajili ya hewa safi, wakichukuliwa stesheni kwa sleji za theluji zinazokokotwa na farasi huku wamefunikwa ngozi za kondoo. Jinsi ukumbi wa dansi ulivyotazamana na mlima mweupe hata wachezaji wakawa wanakosea hatua kwa kuutazama. Alieleza pia miaka ya mwisho, wageni walipoanza kukimbilia nchi za jua, vyumba vikafungwa ghorofa baada ya ghorofa, na baada ya kufungwa kabisa theluji ikaingia ukumbini ikalala juu ya piano.

"Na wafanyakazi wote walikuwa wanawapokea wageni kwenye ngazi za mbele," alisema. "Ngazi zile pana, zina daraja kumi na tano."

"Kumi na saba," alisema Mzee Ludovick.

Filip alitabasamu. Aliona mlango umefunguka. Akainuka, akachukua kifurushi chake, akamwekea mzee mapajani kwa mikono miwili, kama Vumilia alivyomfundisha.

Ilikuwa picha kubwa ndani ya fremu mpya. Watu ishirini na watatu walisimama kwenye ngazi za hoteli, juu kabisa bibi Elsa na gauni lenye ukosi mweupe, chini yake wapishi, wahudumu, wasafishaji wa vyumba, wote wanacheka na jua, na nyuma ya paa mlima. Chini pameandikwa Pasaka 1982. Filip alieleza kwa haraka, kwa furaha, kwamba ameikuta kwenye sanduku la bibi, kwamba ndiyo itakuwa bango la kuzindua hoteli, na kwamba ameitazama usiku na mchana bila kumwona baba yake Vumilia, lakini mzee mwenyewe bila shaka atajionyesha.

Mzee Ludovick aliitazama picha muda mrefu sana. Mama Getrude aliacha kutoa sahani.

"Mimi simo humu," alisema. "Mimi ndiye niliyeshika kamera."

Akaendelea kwa sauti ileile ya kawaida, kwa Kiswidi chake cha miaka zaidi ya arobaini, bila kumtazama mtu.

"Nilikuwa nimeshasimama, daraja ya tatu, pembeni ya mpishi. Nilivaa koti jeupe nililolipiga pasi mwenyewe asubuhi ile. Bibi yako akashuka, akanishika bega kwa upole. Akasema, Ludovick, wewe una mkono usiotikisika, tupige picha wewe. Nikashuka. Nilishuka nikiwa nimefurahi, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Baada ya miezi miwili picha ikawa postikadi, inauzwa mapokezi. Mwenzangu wa jikoni akaniambia, bila ubaya wowote, kwamba Bibi alisema wageni wanataka kuona Uswidi." Akagusa ukingo wa fremu. "Nilikuwa namwandikia mama yangu Marangu kila mwezi. Kadi ile sikumtumia. Angeniuliza, na wewe uko wapi?"

Akainua fremu, akamrudishia Filip. Kisha akamgeukia binti yake, na sasa alisema Kiswahili.

"Huko huendi."

"Baba, nimeshasaini."

"Saini inafutwa. Sikukusomesha ukawashe taa za nyumba ile. Na huyu kijana ni mwema, namwona, lakini asirudi hapa."

Mama Getrude alisema, "Baba Vumi, mtoto wa watu hakujua," lakini mzee alikuwa ameshaingia chumbani na kufunga mlango bila kuubamiza.

Vumilia na Filip walitembea mpaka ziwani. Barafu ilikuwa imeondoka wiki hiyohiyo na maji yalikuwa na rangi ya chuma. Filip alikuwa bado amebeba picha, hakujua aifanye nini. Uso wake ulikuwa umekwisha damu. Vumilia alitaka kumkumbatia na alitaka kumsukuma, vyote kwa wakati mmoja. Alimwambia kwamba picha ile haiwezi kuwa bango, na kwamba hoteli ikisimulia historia yake bila kuisimulia hii, yeye hatatia hata kioo kimoja.

Filip akakubali kuhusu bango. Lakini alipofikia habari ya bibi yake alianza kusitasita. Bibi ndiye aliyemlea kila likizo, alimfundisha kuteleza kwenye theluji kwa ski, alimshika mkono siku mama yake alipozikwa.

"Alikuwa mtu mwema, Vumilia. Pengine hakufikiri. Pengine alisahau tu."

"Mtu hasahau mtu anayempa kamera mkononi," alisema Vumilia. "Sikukuambia umchukie bibi yako. Nimekuambia usimfiche baba yangu mara ya pili."

Vumilia alingoja. Upepo ulimpeperushia nywele usoni na hakuziondoa, kwa sababu alitaka amwone anangoja. Filip alipoanza tena kusema kwamba shangazi yake Emilia na ndugu wengine wataumia, Vumilia aligeuka akaenda stesheni peke yake. Alilia kuanzia Hässelby mpaka mjini, kwenye kiti kilichotazama nyuma, na hakujificha.

Siku tisa hazikuwa na simu. Karakanani alifanya kazi kama mtu anayegombana na mbao. Rafiki yake Mwatumu, aliyekuwa na duka la mapazia jengo hilohilo, alimshauri achague upande mmoja apumzike: ama baba, ama mwanamume. Vumilia alimwambia kwamba hakuna mtu atakayemkata vipande viwili, si baba, si Filip, wala marehemu Elsa. Kazi ile ni yake. Hakuna fundi mwingine Uswidi nzima anayeyajua madirisha yale kama yeye, na yeye mwenyewe hakuona aibu kulisema. Mwatumu akasema basi achukue vyote viwili na ajiandae kupigana. Vumilia akamjibu kwamba ameshajiandaa, ila hajui kwa nini amepaka puti ya vioo dirisha lilelile mara mbili.

Siku ya kumi Filip aliingia. Hakukaribia. Alisimama pale mlangoni, alama nyeusi chini ya macho, kofia mkononi, na Vumilia akashukuru kwamba kuna meza kati yao.

Filip alieleza yaliyotokea. Jumamosi ndugu waliomuunga mkono na marafiki wa hoteli walikutana mjini, watu arobaini kwenye ukumbi wa kukodi, kupanga uzinduzi. Alisimama mbele yao, akawaonyesha picha, akawauliza nani aliipiga. Hakuna aliyejua. Akawaambia. Aliwaambia jina kamili la Mzee Ludovick, koti lililopigwa pasi, na maneno ya bibi yake kama yalivyosemwa. Shangazi Emilia alisimama akamwambia anamwaibisha marehemu mbele za watu kwa sababu ya mwanamke. Filip akamjibu kwamba bibi alimfundisha kutoficha ufa wa ukuta kwa kuupaka rangi juu, na kwamba asiyetaka kuendelea naye aseme. Watu saba waliondoka, shangazi akiwa wa kwanza.

"Na mimi nisipokuja?" aliuliza Vumilia.

"Hata hivyo bango halitakuwapo. Sikufanya ili urudi." Akaizungusha kofia mkononi. "Nilitamani urudi. Lakini sikufanya kwa ajili hiyo."

Vumilia alizunguka meza. Alimshika uso kwa mikono yenye mafuta ya kitani na kumwachia alama za vidole kwenye mashavu yote mawili, na walikaa hivyo, paji kwa paji, mpaka Mwatumu alipopita dirishani, akaona, akaharakisha hatua. Filip alisema anataka kumwomba mzee radhi uso kwa uso. Vumilia akamwambia baba amekataa hata simu. Akamwambia pia kwamba yeye mwenyewe anakwenda sasa hivi, na kama Filip anataka kuja, akae nje.

Ilikuwa alasiri, jua limejaa jikoni Hässelby. Mzee Ludovick alikuwa mezani anamenya viazi, kazi ambayo hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia tangu alipostaafu. Mama Getrude alikuwa jikoni pia, anakoroga sufuria isiyohitaji kukorogwa. Vumilia hakuketi. Alimsimulia baba yake habari ya mkutano, neno kwa neno, na mzee aliendelea kumenya, ila ganda la kiazi kile kimoja lilizidi kuwa jembamba na refu.

"Kwa hiyo unataka niwasamehe," alisema mwishowe.

"Hapana. Hilo ni lako, Baba. Usiwasamehe, wala mimi siendi kuwasamehe kwa niaba yako." Akasogea karibu na meza. "Nakwenda kwa sababu kazi ile naiweza kuliko mtu yeyote. Nitaingia kwa mlango wa mbele, na wafanyakazi watakaokuja watafundishwa na mimi. Na nakwenda kwa sababu nampenda Filip. Sitaki kudanganya kwamba ni kazi tu."

"Nikikukataza?"

"Nitakwenda nikiwa nimekatazwa."

Mama Getrude aliacha kukoroga. Mzee aliinua macho, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile baba na binti walitazamana. Walikuwa na macho yaleyale, na ukaidi uleule ulikuwa umekaa kwenye taya zao. Kiti kilikuwa karibu, lakini Vumilia hakukishika. Alikuwa amekuja kusimama, akasimama.

"Huyo kijana yuko wapi?" aliuliza mzee.

"Chini. Kwenye benchi."

"Akae hukohuko."

Mama Getrude alizima jiko. Akamimina chai kwenye chupa, akafunga maandazi manne kwenye kitambaa, akavaa viatu. Mumewe alimuuliza anakwenda wapi.

"Nampelekea mgeni chai," alisema. "Na mimi ukitaka kunikataza, nikataze." Akatoka, wakasikia hatua zake zinashuka ngazi bila haraka.

Mzee Ludovick aliuweka kisu kando ya viazi, akafuta mikono kwa taulo, kidole kimoja baada ya kingine. Alikwenda dirishani. Kutoka pale aliweza kuliona benchi, na Vumilia alijua analiona, lakini mzee hakusema aliloliona. Alipozungumza alikuwa bado amempa mgongo.

"Ukumbi wa dansi una madirisha kumi na manne. Usimwamini mtu akikuambia yote ni sawa. La nne kutoka mlangoni halikuwahi kufungika, tangu enzi zangu. Fremu ilipinda upande wa bawaba. Theluji ilikuwa inaingia hata katikati ya dansi, mimi ndiye niliyekuwa natumwa kuziba kwa magazeti." Akagusa kioo cha dirisha. "Asubuhi, kabla wageni hawajaamka, nilikuwa nasimama pale. Mlima unakuwa wa waridi kwa dakika kama kumi hivi, halafu basi. Sijamwambia mama yako hata siku moja. Palikuwa pazuri, Vumi. Hilo nalo lilikuwa linaniudhi."

Vumilia hakuthubutu kusogea. Miaka yote ile hakuwahi kumsikia baba yake akisema sentensi mbili mfululizo juu ya mahali pale.

"Ghorofa ya tatu, upande wa kaskazini," mzee aliendelea, "vyumba kumi na moja. Yale madirisha ni ya mbao nyingine, ngumu zaidi, ukiyakwangua kama yale mengine utayapasua." Akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na kidevu kilikuwa kimeinuliwa kama cha mtu anayebishana. "Sijakubali."

"Najua, Baba."

"Nasema tena, sijakubali."

"Nimesikia."

Mzee alivuta kiti, akaketi, akasukuma bakuli la viazi pembeni ili meza ipate nafasi.

"Basi chukua kalamu," alisema, "uandike."